Amisi Hana Malaria

Riziki mwanangu,

Tumesalimiana asubuhi, tumesalimiana tena mchana, na kesho tutaagana, kwa hiyo salamu nyingine sina. Umekwenda kwa shangazi yako kusukwa nywele za safari ya Amerika, na kwa ninavyomjua shangazi yako na mdomo wake, hutarudi kabla ya magharibi. Ndiyo nafasi niliyoipata. Nimefunga mlango na kuwaambia majirani kichwa kinaniuma. Wameamini haraka, maana uso wangu wiki hii ni wa mgonjwa kweli.

Ya koti, ya paspoti, ya kutobeba mzigo wa mtu usiyemjua pale uwanja wa ndege wa Kindu, baba yako mdogo Ramazani amekuhubiria mpaka ukasinzia. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja, na naliandika sasa hivi kabla woga haujanishinda: kaka yako Amisi hana malaria. Hayuko kwenye kitanda cha hospitali ya Salamabila. Hatujui aliko.

Naogopa, Riziki. Naogopa kukuambia kwa sababu nakujua. Ukisikia, kesho pikipiki haitashika njia ya Kindu. Itashika njia ya Kabambare mpaka Salamabila, nawe juu yake, unakwenda kumtafuta kaka yako kwenye machimbo alikokuwa akifanya kazi, ambako wenye bunduki bado wanazunguka. Nitakuwa nimepoteza wawili kwa mkupuo. Na naogopa kutokuambia, nako kunanitisha vilevile, ila kueleza sababu yake kunahitaji maneno mengi. Chakula chako ninachokupikia siku hizi nakionja tu, kisha nakisukuma pembeni usipoangalia.

Leo asubuhi ulikuwa unakunja nguo. Ukaniuliza tena bila kuinua macho.

"Mama, Amisi iko mugonjwa ya nini?"

"Malaria."

"Malaria ya kweli, ao malaria ya ku radio?"

Nikacheka, maana utani huo ni wa nyumba yetu na ulinikuta sijajiandaa. "Ya kweli," nikasema. Ukaendelea kukunja nguo. Hukucheka. Tangu hapo nasikia swali lako hata nikiwa namenya muhogo.

Umekulia miguuni pa meza yangu ya redio. Unaijua kazi yangu kuliko vijana ninaowafundisha. Watu wanakuja na kominike zao, fulani anatafutwa, fulani ameoa, fulani amefariki, nami nazisoma hewani. Na sheria ya kwanza niliyowafundisha wote ni kwamba aliye mbali hapewi kifo kwa redio. Baba wa mtu akifa, na mtoto yuko Wamaza kwenye shamba, hatusemi baba amekufa. Tunasema, "Anaombwa afike haraka Kasongo, baba yake ni mgonjwa sana." Kila mtu anaelewa. Mwenye habari anaelewa pia, lakini anaelewa polepole, njiani, watu wakiwa wamemzunguka. Hiyo ndiyo huruma yetu, na mimi niliipenda. Nilijiona hodari wa kuisoma, sauti ikishuka kidogo tu pale kwenye neno "haraka".

Lakini kuna habari ya bibi yako, mama yangu, ambayo hukuwahi kuisikia yote. Unajua alifia Nyangwe. Hujui nilivyofika. Ulikuwa mdogo, bado nakubeba mgongoni. Kijana mmoja alikuja kutoka mtoni na ujumbe wa dada yangu: "Mama ni mgonjwa sana, fika haraka." Na mimi, bingwa wa kominike, nikaangua kilio palepale mlangoni. Majirani wakajaa. Mikeka ikatandikwa. Ramazani akasema haifai niende kwenye msiba kama mtu aliyefukuzwa, tungoje wakwe, tutafute mchele, tununue sanda ya heshima. Tukangoja. Kila mtu alinisifu jinsi nilivyokuwa mtulivu.

Mama hakuwa amekufa. Alikuwa mgonjwa. Dada yangu alisema kweli tupu, ugonjwa kwa jina lake, haraka kwa maana yake. Mama alikuwa amelala, anaongea, anauliza kila anayeingia, "Ule mutoto wa Kasongo amefika?" Nilipofika na mchele wangu na sanda yangu, walikuwa wametoka kumzika. Dada yangu aliutazama ule mzigo wa kitambaa cheupe kichwani mwangu, na hajanisamehe vizuri hata leo. Alisema, "Nilikutumia neno. Wewe ulilisoma nini?"

Nilirudi kazini, na niliendelea kusoma "mgonjwa sana" kwa watoto wa watu. Sikujua njia nyingine.

Kisha ukaja wewe na magazeti yako.

Nakumbuka ulivyoanza, maana nilikasirika. Ulikuwa chuoni, unatafuta kwenye mtandao magazeti ya zamani ya Amerika, uone yaliandika nini juu ya Kongo wakati wa ile vita kubwa ya pili. Ukakuta safu fupi juu ya Wayahudi wa Poland. Kuanzia siku hiyo hukuirudia tena Kongo. Ukaja nyumbani likizo na simu imejaa kurasa za kijivu, na mimi nikakuuliza kwa ukali: na sisi? Maiti wa hapa kwetu Maniema hawatoshi, mpaka uende kuwalilia wa Ulaya? Ulinijibu kwa upole ulioniudhi zaidi. "Mama, nataka nione namna gani mutu anaweza kuambiwa kitu, na asikijue."

Basi ukawa unanisomea. Mimi nachambua mchele, wewe umeegemea nguzo ya jikoni, unageuza Kiingereza kuwa Kiswahili, unakwama, unarudi. Nilianza kusikiliza kwa shingo upande. Nikaishia kusahau mchele.

Ulinionyesha ukurasa wa gazeti kubwa la mji mkubwa. Ndani, mbali, chini, kando ya tangazo la makoti ya wanawake, kulikuwa na habari kwamba watu wa mji mzima wameuawa kwa sababu ni Wayahudi. Mistari michache. Mwanzoni "inaripotiwa", mwishoni "haijathibitishwa". Ukanionyesha gazeti la mji mdogo, habari ileile imekaa chini ya mwaliko wa chakula cha kanisa. Hilo ulilipenda zaidi. Ulisema ni kama redio yetu, na ulikuwa umesema kweli.

Halafu ukanionyesha magazeti ya Wayahudi wenyewe, waliokuwa Amerika. Hapo habari ilikuwa juu, ukurasa wa kwanza, na mara nyingine ukurasa umezungushiwa mstari mweusi kama kadi ya msiba. Majina ya miji yametajwa moja moja. Wito wa kufunga na kuomboleza. Nikadhani basi hao angalau walijua. Ukatikisa kichwa. Ukaniambia hata wao kuna wakati walisitasita, wahariri wao waligombana, wengine wakisema msitutie hofu kwa habari zisizo na uhakika. Wasomaji walikuwa na mama zao kwenye miji hiyo. Wangewezaje kuisoma na kuiamini, kisha wainuke waende kazini?

Nilikuuliza kwa nini Wamarekani wengine hawakuamini. Ukanieleza kwamba katika vita iliyotangulia, ile ya kwanza, magazeti yalijaa visa vya kutisha juu ya watoto wa Ubelgiji, na baadaye watu wakaona vingi vilitiwa chumvi. Wakaapa hawatadanganywa mara ya pili. Kwa hiyo safari hii kweli ilipokuja, waliipokea kwa jicho la pembeni. Kwanza nilicheka vibaya. Watoto wa Ubelgiji walitiwa chumvi magazetini, nikasema, na wa kwetu ambao Wabelgiji hao waliwafanya walivyowafanya? Kisha kicheko kikanikauka. Nilimwona mama yangu kitandani Nyangwe, anauliza mtoto wa Kasongo amefika. Kweli ilikuja, ikakuta sikio limezoea namna nyingine. Sikukuambia siku ile kwa nini nilitoka nje. Ulidhani moshi.

Tuligombana pia, unakumbuka. Nilimtetea yule mhariri aliyeiweka habari chini, kando ya makoti. Nilisema mimi ni mtu wa kazi hiyo, siwezi kutangaza jambo ambalo sina uhakika nalo, nikakosea nimeua mtu kwa presha. Ngoja uhakika, nikasema, ndiyo heshima ya kazi. Ukaweka simu chini.

"Mama, kama angeandika 'inasemekana' pale juu, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, na akasema nani amesema, na nani bado hajajua, angekuwa amedanganya nani?"

Nilikutuma kuchota maji.

Na lililonivunja ni la mwisho, siku moja kabla hujarudi chuoni. Yale matangazo ya baada ya vita. Ulisoma moja, la pili, la tatu, na mimi nikakuzuia mkono. Mtu fulani, wa mji fulani, anamtafuta dada yake. Anayejua habari za fulani, aliyeonekana mara ya mwisho mahali fulani, ajulishe. Riziki, hizo ni kominike zangu. Hakuna hata neno moja la kuongeza. Ningeweza kuzisoma hewani Kasongo kesho asubuhi, na mama mmoja wa sokoni angeacha nyanya zake asikilize. Ndipo nilipokoma kukuuliza unakwenda kufanya nini huko Amerika.

Sasa nisikilize. Nitakupa habari ya kaka yako jinsi ulivyonifundisha, nani amesema na nani hajui.

Ninachokijua mwenyewe ni kidogo. Wenye silaha waliingia kwenye machimbo upande wa Salamabila wiki iliyopita, watu wakatawanyika. Simu ya Amisi haiiti. Nimeipiga mpaka Sefu wa duka la simu ameacha kuniuliza nampigia nani.

Aliyeona kwa macho yake ni motari mmoja, dereva wa pikipiki, yule mrefu anayepeleka abiria Salamabila na kurudi. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, kofia ya pikipiki magotini.

"Mama Amisi, mie nilikuta pikipiki yake imelala kando ya njia. Ufunguo ulikuwa ndani. Yeye, hapana."

"Kulikuwa damu?"

"Sikuona damu. Lakini mie sikushuka kuangalia, Mama. Niliogopa."

Nilimshukuru kwa kusema aliogopa. Ndilo lililonifanya nimwamini mengine.

Wa pili ni mwanamke aliyekuwa akiwapikia wachimbaji, amekimbilia Wamaza. Aliongea na mke wa motari kwa simu kabla mtandao haujakatika. Anasema alimwona kijana wa shati la njano akikimbilia msituni pamoja na wenzake, na anadhani ni Amisi. Anadhani. Amisi ana shati la njano, nililishona kola mimi. Vijana wangapi wana shati la njano, sijui.

Na sokoni wanasema mawili. Wanasema waliokamatwa wanabebeshwa mizigo msituni. Wanasema pia kuna kaburi. Aliyesema la kaburi nilimfuata mpaka nyumbani kwake, nikamuuliza nani aliliona. Aliambiwa. Na aliyemwambia? Naye aliambiwa. Nilirudi, mwanangu, bila jina hata moja la aliyeliona.

Hizo ndizo habari zote. Sijaficha hata moja, na sijakupambia hata moja.

Baba yako mdogo ndiye aliyesema tukuambie malaria. Usimkasirikie. Tangu baba yenu afe, yeye ndiye amewabeba, na usiku ule motari alipoondoka alilia kama mtoto, uso kwenye ukuta. "Mutoto aende kwanza," akaniambia. "Akifika kule, akikaa, tutamuambia polepole." Nikakubali. Nilikubali kwa sababu ni adabu yetu, na kwa sababu kwa muda mfupi ilinipa raha. Siku ya kwanza nilipokuambia malaria, ulisikitika kidogo tu, ukasema apelekewe matunda, na mimi karibu niamini. Kwa saa chache nilikuwa na mtoto mgonjwa tu, ambaye atapona.

Lakini fikiri nami. Uko Amerika, chumba cha peke yako, nje baridi. Nakuandikia: "Sisi wote wazima." Utasoma nini? Nakuandikia: "Nina mafua." Utaanza kunililia. Na siku moja, Mungu akijalia, Amisi atokee mlangoni, amekonda, amechakaa, ana hasira na mimi kwa kumtangaza, nami nikuandikie, "Riziki, kaka yako amerudi." Hutaniamini! Utasema, huyo ni Mama na huruma yake. Utamlilia kaka aliye hai, na mimi sitakuwa na neno hata moja lililobaki la kukushawishi. Nimelisoma sana lile neno, nimelichakaza. Ninataka libaki walau moja ambalo ukilipata kutoka kwangu, utalichukua kama lilivyo.

Hiyo ndiyo hofu ya pili, na imeishinda ya kwanza, ingawa si kwa mbali.

Kuna jambo lingine, na ulijue. Hapa kila mtu ananiita kwa jina la kaka yako. Mama Amisi, mchele umepanda. Mama Amisi, umeamkaje. Mama Amisi, kominike yangu itasomwa saa ngapi. Tangu motari aje, kila anayenisalimu ananigusa pale panapouma, nami naitikia, "Naam." Nilitaka angalau mtu mmoja ndani ya nyumba hii ajue naitikia nini.

Ninachokuomba sasa si rahisi. Sikuombi usilie. Lia, hata mbele ya Ramazani, atavumilia. Nakuomba uende Kindu. Najua utakavyosema, kwamba nitaendaje kusoma habari za waliopotea wa watu wengine wakati wangu amepotea. Najua, kwa sababu mimi ningesema hivyohivyo na ningekosea. Kwenye njia ya Kabambare wewe huna la kumfaa Amisi. Hujui msitu, hujui watu wale, na msichana wa nywele mpya juu ya pikipiki anaonekana mbali. Kama amekimbia, hatakimbilia kwako, atakimbilia ndani zaidi. Kama wamemkamata, watakukamata na wewe.

Mimi nitabaki na kazi yangu. Kesho, ukishaondoka, nitakwenda redioni na kominike ya mwanangu mwenyewe, na nitaisoma kama zile ulizonisomea jikoni: jina lake, shati lake, mahali pikipiki ilipolala, na kwamba mama yake anamtafuta. Mkurugenzi anaogopa. Anasema kutaja habari za machimbo kunaweza kutuletea wageni usiku. Mimi pia naogopa, nimemwambia hivyo. Lakini sitasoma kwamba ni mgonjwa. Mtu akiwa Wamaza na redio yake ndogo, asikie kwamba kuna kijana anatafutwa, atazame aliyelala kwenye baraza la jirani. Akisikia mgonjwa, atasema pole, abadilishe stesheni.

Na wewe huko, ukiwa kwenye kurasa zako za kijivu, usome vizuri wale walio chini ya ukurasa. Usinisomee mimi tena kwa haraka. Kila anayetafutwa pale alikuwa na mtu aliyekaa hivi nilivyokaa, hajui aandike yu hai au amekufa, akaandika tu "anatafutwa". Nilikuwa nadhani neno hilo ni dogo. Kumbe ndilo peke yake lisilodanganya.

Nilipanga kuitia barua hii ndani ya begi lako, kati ya nguo, uikute ukishafika. Ndivyo nilivyoanza kuandika, nakiri. Ningekuwa nimekuambia na wakati huohuo sijakuambia, na kesho ningekupungia mkono kwa amani. Lakini nasikia sauti yako barabarani. Unacheka na shangazi yako, unamwambia amekubana sana utosini. Unafika mapema kuliko nilivyodhani.

Barua utaisoma ukiwa umekaa kwenye ndege, au utaisoma hapahapa kama utakataa kwenda, sijui. Sasa naweka kalamu. Nitafungua mlango, nitakukalisha mkekani, nitakushika mikono yote miwili kwa nguvu usije ukainuka ukakimbilia njia ya Kabambare, na hapo ndipo nitakuambia kwa mdomo wangu kwamba Amisi hajaonekana.

Mama yako